Barakoa Zilizopita Dirishani

Kwa miaka miwili nilikuwa naulizia afya ya kikongwe mmoja wa mtaa wa Katuba, na sikuwa namtakia apone. Sikumroga, sikumtia kitu chakulani, hata kumtukana sikumtukana. Alikuwa mama mzee asiyenikosea neno. Lakini alikuwa mama wa prefe, mkuu wa shule ya binti yangu, na mimi nilikihitaji kilio chake, yaani matanga yake. Nilikingoja kama mtu anavyongoja kesi yake iitwe. Anayetaka kunihukumu kwa hilo asome kwanza mpaka mwisho, halafu atanikuta hapa hapa kwenye cherehani yangu.

Mimi ni fundi wa kushona. Nashona sare za wanafunzi, nyeupe juu na bluu chini. Ule mwaka wa corona, shule zilipofunguliwa tena, amri ilikuja kutoka Kinshasa: mwanafunzi asiingie darasani bila barakoa. Sisi huku tulicheka. Tulizoea kwamba kila kinachotoka nje hukwama mpakani Kasumbalesa kwenye foleni ya malori, tukaona hata ugonjwa huo utangoja zamu yake huko. Prefe hakucheka. Alikuja mwenyewe hadi kibandani kwangu akaniagiza barakoa arobaini, nizishone kwa vipande vya bluu vilivyobaki kwenye sare.

"Munungwe," aliniambia, "unishonee bintu ya nguvu. Hapana kama ile munashonaka banyi batu ba uyoga, mvula kidogo tu, inapasuka."

Hilo neno munungwe lazima nilieleze, maana ndilo lililomwokoa na ndilo lililomkamata. Sisi tunaotoka upande wa Pweto tuna koo, na kila ukoo una ukoo wa watani wake. Utani huo tunauita bunungwe. Mimi ni wa ukoo wa uyoga, yeye ni wa ukoo wa mvua, na kwa kuwa bila mvua uyoga hauoti, watu wa mvua hujiona kwamba wao ndio waliotuzaa. Munungwe anaweza kukuvua kofia barabarani na kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika, aibu ni yako. Kwenye kilio ndipo anapotawala kabisa. Anamcheka maiti, anaziba mlango jeneza lisitoke mpaka apewe anachotaka, na ni yeye pia anayefagia uwanja na kusaidia kuzika. Hakuna mwenye ruhusa ya kumfukuza.

"Kwa ile pua yako peke," nilimjibu, "metre moya ya kitambaa haitatosha."

Tukacheka wote wawili. Kila ninapokikumbuka kicheko changu cha siku ile, hasira hunipanda upya. Nilizishona vizuri, mshono mara mbili pembeni, kwa sababu nilidhani zitapewa watoto ambao wazazi wao hawana, kila mmoja na yake.

Mama yangu alikuwa ametoka Pweto kuja kukaa nami. Alilala chumba kimoja na binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Wiki chache baada ya shule kufunguliwa, binti akaanza kukohoa. Alikohoa siku sita, akapona. Siku aliyopona yeye, mama akaanza. Tulimpeleka hospitali akiwa anavuta pumzi kwa mabega, na siku ya tatu asubuhi akafariki.

Daktari aliniita pembeni, karatasi mkononi. Alitaka kuandika corona. Nilijua maana yake: watu wenye mavazi meupe wangemchukua mama yangu, wangemzika peke yao, na sisi tungebaki na viti vitupu, bila maiti na bila kilio. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji.

"Docteur, muandike kintu ingine. Mama alikuwaka na tension."

Alikuwa amechoka. Alinitazama, akatazama mlango, akaandika tension, yaani presha. Nilimshika mikono yote miwili kumshukuru. Kosa hilo ni langu, sitalisukumia kwa mtu.

Basi tukamfanyia mama kilio chake. Na prefe akaja, kwa haki yake ya munungwe. Alijilaza mlangoni, kofia usoni, akakoroma kama anayelala kwake, kisha akapaaza sauti: "Uyoga inaoza! Leo shiye batu ba mvula tutalala muzuri, harufu inaisha!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, machozi yakinitoka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya munungwe, kumchekesha aliyefiwa. Sikujua bado nani alikuwa amelala mlangoni kwangu.

Siku ya tatu ya kilio, kaka yangu mkubwa aliharibu kila kitu. Yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa kwetu, huuza samaki wakavu wa Pweto, na hospitalini hakuwa amekanyaga hata mara moja. Binti yangu alimletea sahani ya bukari, ugali wetu. Akaitazama, akaiweka chini.

"Hii bukari, nani alipika?"

"Njo mutoto alipika," nikamwambia; njo kwetu ni ndiye.

"Miye sitakulya. Alilala na mama mu chumba moya. Ye alikohoa, ye alipona. Mama alikufwa. Munifasirie maana."

Akaisukuma sahani kwa mguu. Neno bulozi, yaani uchawi, hakulitamka, na hakuhitaji kulitamka. Mashangazi waliokuwa na tonge mkononi walilirudisha kwenye sahani mmoja mmoja, na binti yangu akabaki amesimama katikati yao na jagi la maji ya kunawia.

Tangu siku ile hakuna aliyekula kilichopita mikononi mwake. Jirani aliyezoea kumtuma chumvi aliacha kumtuma. Watoto wa uwanja wetu waliitwa ndani alipotoka nje. Shangazi mmoja alinishauri, kwa upole kabisa, nimpeleke kwa mchungaji wa maombi huko mtaa wa Kenya, wamfunge njaa siku saba. Nilimtoa nje shangazi huyo na viatu vyake nikamrushia barabarani. Nyumbani nikawa napika mwenyewe kila siku. "Acha, mwanangu, upumzike, usome," ndivyo nilivyokuwa nikimwambia.

Mwezi uliofuata tulikuwa tunakunja sare pamoja. Nikavuta kipande cha bluu kwenye fungu, na binti akajitenga nacho kama kwamba kingemng'ata.

"Mama, ile kitambaa inanuka."

"Inanuka nini? Ni ya mupya."

Ndipo akanieleza. Barakoa zangu arobaini hazikupewa mtu. Zilikaa kwenye beseni jekundu chini ya meza ya prefe, na shule ilisoma bila barakoa, mpaka siku mkaguzi alipokuja. Siku hiyo sekretari aligawa beseni lote darasa la kwanza. Mkaguzi aliingia, akaona nyuso zimefunikwa, akaandika. Alipokuwa bado anasalimiana na walimu kwenye baraza, watoto walizivua haraka, na zikapitishwa dirisha la nyuma kwenda darasa la pili. Kutoka la pili zikaenda la tatu. Hivyo hivyo mpaka la sita, mwisho wa uwanja, ambalo lilikuwa darasa la binti yangu.

"Yetu ilifika yenye kuloa, mama. Mate ya batu. Miye nilikatala. Prefe akakuya mwenyewe, akaniambia: mama yako njo alishona, unaogopa mukono ya mama yako? Akanivalisha."

Kisha akauliza, bila kulia: "Njo miye niliua nkambo?"

Nkambo ni bibi. Nilimwambia hapana, hapana, hapana, na nilisema mara nyingi kupita kiasi. Usiku wote sikuwaza juu ya fidia wala nini. Nilitaka kitu kimoja: prefe aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, na yaya akiwemo, kwamba alipitisha pumzi za shule nzima dirishani na mwishoni akaivalisha sura ya mtoto wangu kwa nguvu. Akilisema hilo, mtoto wangu atakuwa mtoto tena. Na ningependa limuume anapolisema.

Nilikwenda ofisini kwake. Alinisikiliza nusu, akaanza kucheka.

"Munungwe! Kilio iliisha, unaniletea ingine? Uyoga inapenda sana kulia."

Sekretari wake akacheka pia. Nilipiga meza yake, nikamwambia tutaonana mahakamani.

"Kuya," alisema. "Mvula habaifungaka." Yaani njoo, mvua haifungwi.

Wakili wangu alikuwa msichana mdogo ambaye nilimshonea joho lake la kazi. Alisema amri iko upande wetu: barakoa ni ya kila mtoto, si ya beseni. Tukaiomba mahakama itamke kwamba shule ilivunja amri na ilihatarisha watoto. Siku ya kesi, mlangoni pa mahakama, nilimkuta askari ametundika barakoa kwenye msumari kwa ajili ya waliokuja bila. Unachukua, unaingia, ukitoka unairudisha msumarini. Wakili wa shule alikuwa hana. Akachukua moja, akaivaa, akaingia ndani kulitetea beseni. Nilimgusa wakili wangu kiwiko aone.

"Tukisema hii, juge atatufukuza shiye," alinong'ona.

Kesi yenyewe haikuchukua muda. Wakili wa shule alisimama na nakala ya karatasi ya hospitali.

"Mama, hapa banaandika tension. Tension inapitaka mu cache-nez?" Cache-nez ni barakoa.

Watu walicheka. Nilijibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Nikisema kweli, namponza daktari aliyenihurumia, na nakiri kwamba ushahidi niliufuta mwenyewe, kwa magoti yangu. Kisha akaitwa sekretari. Alieleza kwamba mimi na prefe ni banungwe, kwamba hutukanana kila tunapokutana, na kwamba kwenye kilio cha mama yangu prefe alijilaza mlangoni, na mimi, mlalamikaji, nilicheka na watu wote walishuhudia.

"Monsieur le président," akamalizia wakili wa shule, akimgeukia hakimu, "hii si plainte, si mashtaka. Ni bunungwe ilipotea njia, ikaingia ku tribunal."

Hakimu alikuwa mtu wa pande zetu. Aliinua faili mbele ya uso, na mabega yake yakatikisika. Alipolishusha alisema hakuna uthibitisho, madai yanatupwa. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeona amewatendea watu wema: "Banungwe, muende mumalizane ku kilio, kama banungwe."

Hiyo ndiyo hukumu niliyotoka nayo mahakamani, na niliitii.

Nje, yaya alikuwa anatungoja. Alikuja kusikiliza, akakaa nyuma. "Hata tribunal inasema haikuwa magonjwa ya masomo," alisema, masomo yaani shule. "Sasa ilikuwa nini?" Alimtazama binti yangu alipokuwa anasema. Nilikuwa nimekwenda mahakamani kumsafisha mtoto, nikatoka naye akiwa mchafu kuliko alivyoingia, na kwa muhuri.

Nilimhamisha shule. Nikangoja. Kila mwanamke wa Katuba aliyekuja kupima nguo nilimuuliza habari za mama wa prefe: anakula? anatembea? miguu imevimba? Walidhani nina moyo mzuri. Waliotangulia walisema mwosha huoshwa, na mimi nilikuwa nangoja zamu ya kuosha.

Alifariki kwenye kiangazi cha pili, usingizini, akiwa na wajukuu wengi. Nilinunua beseni jekundu sokoni. Nilitafuta kwenye fungu kipande cha ile bluu, nikashona barakoa moja, mshono mara mbili pembeni. Nikampigia yaya simu: "Kwiko kilio ya batu ba mvula. Pombe iko." Yaya hajawahi kukosa kilio anachoruhusiwa kufanya fujo. Binti yangu nilimwambia avae kitambaa kichwani, aje na mimi.

Siku ya mazishi tulifika asubuhi. Kwanza nilifanya kazi yangu: nilifagia uwanja wao, kutoka mlangoni mpaka getini, sikuacha jani. Asije mtu akasema sijui mila. Kisha, jeneza lilipoinuliwa, nilikaa katikati ya mlango, miguu nimenyoosha, beseni juu ya mapaja. Watu wakapiga makofi. Banungwe wamefika!

Prefe alikuja mbele, macho mekundu, mkono mfukoni kutafuta noti ya kunitoa mlangoni, kama desturi.

"Acha mufuko," nikamwambia. "Leo mvula italipa na mudomo."

Watu wakashangilia. Nikatoa barakoa, nikampa yaya kwanza. "Vaa, yaya, upumue muzuri." Yaya akaivaa, akacheza nayo, akajifanya anahutubia wabunge, akakohoa kwa makusudi. Nikampa wa pili, mzee wa ukoo wetu. Wa tatu, wa nne, wa tano; wote wa uyoga, wote wamekwisha kunywa. Kila mmoja alipumua ndani yake, akapiga chafya, akaipitisha. Uwanja mzima ulikuwa unashika mbavu. Ilipofika mkononi mwangu tena ilikuwa nzito. Nikamnyoshea prefe.

"Sasa weye. Darasa ya sita."

Kicheko kilikufa kwanza kwenye nyuso za walimu. Walikuwa wamesimama pamoja karibu na ukuta, sekretari katikati yao, na wote walitazama viatu vyao. Prefe aliitazama barakoa.

"Munungwe, hapana leo. Ni mama yangu."

"Na ule mwingine alikuwa mama yangu. Vaa. Unaogopa mukono yangu? Njo miye nilishona."

Aligeuka kwa wazee wake apate msaada. Mkubwa wao alitikisa kichwa. "Vaa, tuende kuzika. Munungwe habamukatazaka."

Akavaa. Niliona macho yakimjaa maji. Sitasema nilimwonea huruma. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtu mwenye kiu anavyofurahi kwenye bomba, na nikaendelea kunywa.

"Zilikuwa ngapi?"

"Makumi ine."

"Za madarasa ngapi?"

"Sita."

"Zilipitia wapi?"

Waliobeba jeneza walibadilisha mabega. "Ku dirisha," alisema.

"Nani alitoa ruhusa?"

"Ni miye."

Nikamwonyesha binti yangu, aliyesimama karibu na sufuria za wapishi. "Ule mutoto, alipenda kuvaa?"

"Alikatala," alisema prefe, na kitambaa kiliingia mdomoni alipovuta pumzi. "Alikatala. Miye njo nilimuvalisha kwa nguvu."

Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama yaya. Alikuwa anajifuta midomo kwa mkono wa shati, anafuta na kufuta. Nikainuka mlangoni, jeneza likapita, na nikalifuata na beseni langu mpaka makaburini. Huko nilitupa udongo wangu, nikamwambia kikongwe kimoyomoyo kwamba kwake sikuwa na neno.

Tuliporudi, watu wakanawa, wakakaa kula. Binti yangu nilikuwa nimemwagiza asiende makaburini, abaki apike bukari mwenyewe, kwenye jiko la mkaa mbele ya wapishi wote. Alikuja na sahani, bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaiweka mbele ya yaya. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Nilishakulya," alisema yaya.

"Wapi?"

Watu walikuwa wanatazama. Wale mashangazi nao walikuwepo. Yaya akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, akalitia mdomoni. Alitafuna muda mrefu.

"Maliza, yaya."

Akamaliza. Alifuta hata sahani kwa kidole. Shangazi mmoja akaomba aletewe na yeye, kisha wa pili. Nilikuwa nimeshinda. Nilitazama huku na huko nikitafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Aliyekuja ni binti yangu, na sahani nyingine. Akanipa mimi.

"Miye sina njaa," nikasema, kabla sijafikiri.

Hakuiondoa sahani. "Miaka mbili haukulyaka yangu, mama," alisema, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Unasemaka nipumuzike."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa namhurumia, kwamba alikuwa na masomo, kwamba fundi huamka mapema na kupika si kazi. Yote hayo nilikuwa nimejiambia mwenyewe siku nyingi, na nilikuwa nimeyaamini vizuri sana. Uwanjani hakuna aliyetutazama, walikuwa bado wanamtazama yaya. Nikakaa chini. Yeye akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, vile vile nilivyosimama mimi.

Bukari ilikuwa ya moto, na katikati ilikuwa na madonge, kama ya mtu ambaye hajashika mwiko siku nyingi. Nikakata tonge. Nikala.

"Maliza, mama," alisema.

Nikamaliza, na hakuondoka mpaka alipoiona sahani tupu.